Kusalimia Wazee Kabla ya Harusi: Pesa ya Mchango Isisafiri Nanyi

Harusi imebakisha wiki tatu. Kadi zimechapishwa, kamati imekutana mara nne, na sasa limebaki lile jambo ambalo huwa halimo kwenye bajeti yoyote: kwenda kusalimia wazee. Nyanya anataka kumwona mkwe kwa macho yake, hataki tena picha za WhatsApp. Shangazi naye ameshasema hatapanda gari kuja Nairobi kama hamjafika kwake kwanza. Basi mnajaza tangi Jumamosi alfajiri, mnaweka muziki, mnashika njia.

Sisi tunaipenda sana safari ya aina hii. Kwa wengi ndiyo pumziko la mwisho kabla ya zile siku ambazo simu hailali. Lakini ni safari ambayo mtu anatembea na pochi mbili ndani ya simu moja: hela yake na hela ya watu. Mchango wa harusi unaingia kwenye laini ileile inayolipa mafuta, chai na sukari ya nyanya. Jumapili jioni mkirudi, hakuna anayejua shilingi ipi ilikuwa ya nani, na Jumanne kamati inakutana.

Tuchukue safari moja ya kawaida ili tuelewane. Mnatoka Nairobi kwenda Luanda, kaunti ya Vihiga, kupitia Naivasha, Nakuru, Kericho na Kisumu. Hadi Kisumu peke yake ni karibu kilomita 350, kwa hivyo ni siku nzima ya barabarani mkisimama vizuri, na kwa nini msisimame? Mifano yetu ni ya M-Pesa kwa sababu ndiyo inayotumiwa na wengi wenu.

Fuliza haijui kama ni mchango

Tuanze na hili maana ndilo linaloumiza. Tuseme bwana harusi ana deni la Fuliza la shilingi 3,200. Si jambo la aibu, mwezi ulikuwa mrefu. Mmefika Naivasha, mmesimama kunywa mtindi, na simu inalia: shangazi ametuma mchango wake wa 5,000. Pesa ikiingia tu, Fuliza inachukua chake kwanza. Bwana harusi anabaki na 1,800.

Sasa angalia mambo yalivyo. Shangazi ana ujumbe unaosema ametuma 5,000, na ameshautuma kwenye kundi la familia ili watu waone. Mweka hazina ameandika 5,000 kwenye orodha. Lakini pesa iliyopo ni 1,800. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na bado kuna shimo la 3,200 ambalo mtu atalazimika kulieleza mbele ya wajomba. Tukiwa wakweli, maneno ya aina hii ndiyo huharibu harusi kuliko mvua.

Ushauri wetu ni mmoja na hatuupunguzi: mchango usiingie kwenye laini ya bwana harusi wala ya bibi harusi. Uingie kwa mweka hazina, na si kwenye laini anayonunulia unga, bali laini nyingine isiyo na deni la Fuliza. Kama kamati ni kubwa, bora zaidi ni akaunti ya benki yenye Paybill na watia sahihi wawili. Fanyeni hivyo kabla ya safari, kisha mtu mmoja atangaze kwenye kundi: "Kuanzia leo mchango unatumwa hapa." Jamaa akituma kwa bwana harusi kwa mazoea, bwana harusi aisukume kwa mweka hazina siku ileile, kiasi kilekile. Ile ada ya kutuma aibebe mwenyewe, ni bei ndogo ya amani.

Kuna faida nyingine pia. Tangu Agosti 2023, pochi ya M-Pesa inaweza kubeba hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Mchango ukianza kumiminika wiki za mwisho, pochi ya mtu mmoja inaweza kujaa, na mjomba akapiga simu akisema pesa yake "imekataa". Akaunti ya benki haina shida hiyo.

Pesa ya barabarani

Hapa hatutakaa sana. Kubalianeni kiasi cha safari mkiwa nyumbani, kiwekeni kwenye simu moja, na simu hiyo iwe ya anayekaa kando ya dereva. Dereva hagusi simu. Kama ni 16,000, basi ikiisha imeisha, hakuna kuchungulia pochi nyingine.

Kwenye kituo cha mafuta au mkahawa, lipa kwa ile nambari ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa ukutani. Ukilipa kwa nambari ya duka hukatwi ada, lakini ukituma kwa nambari ya kawaida ya mhudumu unakatwa kama mtu yeyote anayetuma pesa. Kwa hivyo anayekuambia "tuma tu kwa yangu, ile ya ukutani haifanyi kazi" anakugharimu, na pengine anamgharimu mwajiri wake pia. Kwa vitu vidogo kama mahindi choma, kutuma hadi shilingi 100 hakuna ada. Pale juu ya bonde la Ufa, kwa wale wanaouza kofia na ngozi za kondoo, bado tunapenda noti mkononi kwa sababu bei inashuka haraka mnunuzi akizitoa.

Na jina. Kabla malipo hayajakamilika, simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Lisome. Umesimama dakika tano, watoto wanataka soda, magari yanapiga honi, na kidole kinataka kumaliza haraka. Soma jina kwanza. Ukituma pesa kwa mtu asiye wake, tuma ule ujumbe wa muamala mara moja kwenda 456 ili uanze kuirudisha. Uharaka ni muhimu, maana pesa ikishatolewa upande wa pili mambo yanakuwa magumu. Na mtandao wa data ukififia huko Kericho kwenye majani chai, bonyeza *334#, menyu inakuja bila bando.

Simu ya "nambari mpya"

Wiki za harusi nambari yako inazunguka kuliko kawaida. Iko kwenye orodha ya mchango, iko kwenye kadi, iko kwa mpiga picha, kwa mwenye hema, kwa mwokaji keki. Walaghai nao wanajua mtu aliye safarini amechoka na anataka kukata simu haraka. Ndipo unapata ujumbe: "Mimi wa keki, ile salio tuma kwa hii namba nyingine, ya kwanza ina shida." Usibishane naye, na usitume. Mpigie mwokaji kwa ile nambari mliyozoea kuzungumza naye. Kama ni kweli atakuambia, na kama si kweli umeokoa keki.

Wa pili ni yule anayedai amekutumia pesa kwa makosa na analia umrudishie. Ujumbe umeandikwa vizuri, una jina na kiasi. Usiangalie ujumbe, angalia salio lako. Kama salio halijasogea, hakuna pesa iliyoingia. Na kama kweli imeingia, usirudishe kwa mkono, mwambie aanzishe yeye mwenyewe utaratibu wa kurudishiwa. Ujumbe wa kitapeli utume 333, halafu mwendelee na safari.

Ya mkononi kwa wazee

Mkipita Maseno mtaona alama ya ikweta kando ya barabara. Pigeni picha, kila mtu hupiga. Luanda ni mbele kidogo, na sasa swali ni hili: wazee wapewe kwa simu au mkononi?

Tunafanya kazi kwenye malipo ya simu na bado tunasema: mkononi. Kwanza ni heshima. Huwezi kuketi sebuleni kwa nyanya, umekula kuku wake, kisha umtumie mlio wa simu. Noti iliyokunjwa, kwa mikono miwili, ina maneno yake. Pili ni hesabu. Tuseme wazee ni watano na kila mmoja mnampa 1,000. Ukiwatumia, unakatwa 13 kwa kila mmoja, na kila mmoja akienda kutoa anakatwa 29. Jumla 210, hata kabla ya boda ya kumfikisha kwa wakala. Ukitoa 5,000 mara moja Kisumu, unakatwa 69 tu. Isitoshe, wakala wa kijijini wikendi anaweza asiwe na pesa taslimu za kutosha, na mzee atarudi nyumbani na simu yenye pesa asiyoweza kununulia sukari. Beba kitambulisho, wakala atakiomba, na omba noti za mia mbili na mia tano.

Kwa yule mzee ambaye hamtafika kwake, senje wa upande wa pili wa mto kwa mfano, tuma na uongeze ya kutolea. Ukimtumia 1,000 kamili umempa 971. Yeye hatasema, lakini ameona.

Mkiwa hapo pia kuna kazi ndogo ya dakika kumi ambayo ni zawadi kubwa kuliko kilo mbili za sukari. Muulize nyanya nani humsaidia kutoa pesa. Mara nyingi ni jirani au mjukuu anayeijua nambari ya siri yake kwa kichwa. Msaidie aibadilishe akiwa anabonyeza mwenyewe, wewe ukiangalia pembeni, na mchague pamoja mtu mmoja wa kumsindikiza kwa wakala badala ya kumwachia simu. Usimwombe akuambie nambari mpya, hata kama wewe ndiwe mjukuu kipenzi.

Jumapili mtaondoka na ndizi, na huenda kuku hai kwenye buti, kwa hivyo hakikisheni kuna hewa na msiegeshe juani Nakuru. Ya mafuta ya kurudi itengwe Jumamosi usiku, kabla watoto wa ukoo hawajaja kuaga. Na mkifika nyumbani, kabla ya kulala, bwana harusi amtumie mweka hazina orodha ya kila mchango ulioingia kwake kimakosa wikendi hiyo, na ujumbe wa kuonyesha ameupitisha.