Viunzi vya Kuoteshea Tishu

Mwashi ajengapo ukuta mrefu hufunga kwanza jukwaa la miti, na ukuta ukisimama hulifungua. Madaktari watakao kuotesha upya mfupa au gegedu huhitaji jukwaa kama hilo, ili seli zipate pa kushika. Lakini lao limo ndani ya mwili, wala hakuna wa kuingia kulifungua. Sharti liishe lenyewe.

Polima iitwayo asidi ya polilaktiki yafaa kazi hiyo. Maji ya mwilini huikata pole pole, kwa miezi, hata ikawa asidi ya laktiki, ambayo mwili waijua na kuitumia.

Ila kipande kizima hakifai kitu. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kupita kiasi cha milimita 0.2 hukosa oksijeni ikafa. Kwa hiyo kiunzi lazima kijae matundu, na matundu yapitane. Hapo ndipo penye kazi.

Njia nipendayo mimi ni ya chumvi, chumvi hii hii ya jikoni. Polima huyeyushwa katika klorofomu, kisha hutiwa chumvi iliyochekechwa ili punje zilingane. Klorofomu haiyeyushi chumvi. Mchanganyiko humiminwa katika kalibu, klorofomu ikaachwa iruke, ndipo kipande kikalowekwa majini. Maji huchukua chumvi, polima ikabaki, na mahali pa kila punje pakawa tundu. Atakaye matundu makubwa hutumia punje kubwa. Atakaye mengi huzidisha chumvi, na sehemu tisa katika kumi za kiunzi zaweza kuwa tupu. (Aliyepata kutenganisha chumvi na mchanga katika Kidato cha Kwanza amekwisha jua nusu ya kazi.)

Chumvi ikiwa haba, punje hazigusani, na nyingine hufungiwa humo. Kiunzi kikizidi milimita chache kwa unene, maji hayafiki katikati. Na klorofomu ikisalia, huua seli.

Wengine huivuta polima kwa umeme wa nguvu iwe nyuzi nyembamba kuliko unywele. Hupatikana kitambaa kizuri, lakini aghalabu seli hushindwa kupenya.

Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake, huko Marekani, walitangaza habari za vijana 7 waliotengenezewa vibofu kwa seli zao wenyewe zilizooteshwa juu ya viunzi vinavyoyeyuka. Jaribio jingine la wagonjwa 10, lililotangazwa mwaka 2014, halikuleta nafuu iliyotarajiwa, na baadhi yao walipata madhara mazito. Na kibofu ukuta wake ni mwembamba. Figo na ini ni vinene, navyo vyataka mishipa ya damu ndani kwa ndani.