SOMO LA FIZIKA: JUU YA NINI NAMBA INARUKA-RUKA?

Tuseme mwokaji mikate pale Mulongwe anapima joto la tanuru kwa termokupli. Namba inasema digri 210, mara 260, mara 190. Anaongeza kuni, mikate inaungua, unga umepotea. Je, tanuru iko mubaya, ao chombo ndicho kinamudanganya?

Tukumbuke kwanza. Termokupli ni nyuzi mbili za madini mbalimbali zilizounganishwa ncha. Kiungo kimoja kikipata joto kuliko kingine, umeme unatokea. Seebeck aliona jambo hilo mwaka 1821. Umeme huo ni kidogo sana: aina K inatoa karibu sehemu 41 za milioni za volti moja kwa kila digri. Kitu kidogo hivi kinasumbuliwa upesi.

Basi usibadili kitu mbele ya kuangalia namna inavyoruka:

1. Inaruka ukigusa uzi? Skrubu imelegea, kuna kutu, ao uzi umekatika ndani.

2. Inatetemeka wakati mashine ya kusaga mihogo ya jirani inazunguka tu? Umeme wa motere unaingia. Peleka nyuzi mbali, uzisokote pamoja.

3. Inabadilika pole pole pamoja na jua? Termokupli inapima tofauti tu. Chombo kinaongeza joto la upande wake. Kiweke kivulini. Tena usirefushe kwa waya wa shaba wa kawaida.

Kosa liko wapi? Ondoa nyuzi, unganisha vifungio viwili vya chombo kwa kipande kifupi cha shaba. Kikionyesha joto la chumba na kutulia, chombo ni kizima. Tafuta kwenye nyuzi.

Mwisho, tia ncha katika maji yanayochemka. Angalia sana! Wengi wanangoja 100. Lakini ziwa letu liko karibu metre 770 juu ya bahari, na hapa Uvira maji yanachemka karibu digri 97. Anayelazimisha chombo kiseme 100 anajitengenezea kosa yeye mwenyewe. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya Tanganyika yanapata joto, na badiliko lenyewe halikufika digri moja kule chini kwenye kina. Kwa chombo chenye kosa la digri 3 wangesema nini?

ULIZO: Kule juu milimani, maji yanachemka kwa digri zaidi ya 97, ao chini yake? Eleza sababu.