Maji ya Waipa Yamegoma? Vidokezo 8 kwa Madereva wa Masisi na Walikale

Ukitoka Goma, lami inakuaga Sake. Kuanzia hapo, kupanda Mushaki hadi Masisi-Centre na kuendelea kuelekea misitu ya Walikale, ni udongo mtupu: kiangazi vumbi, mvua ikinyesha utelezi. Fuso ikikupita kwenye dimbwi, kioo chote cha mbele kimepakwa tope. Unavuta kijiti cha waipa, maji hayaji, na waipa zenyewe zinalisambaza tope. Ushuke ufute kwa kitambaa? Katika njia zetu si kila kona ni ya kusimama. Bahati nzuri, mara nyingi ugonjwa ni uchafu tu, na unatibika kwa sindano, siki na subira kidogo.

1. Sikiliza kabla ya kununua

Injini ikiwa imezimwa, fungulia umeme kwa ufunguo, kisha vuta kijiti huku mwenzako ametega sikio karibu na tangi la maji ya waipa. Akisikia mvumo, pampu inafanya kazi; tatizo ni kuziba au kuvuja. Kukiwa kimya, angalia fyuzi kwanza, halafu plagi ya waya kwenye pampu, kwa sababu tope la matairi huingia hapo na kuleta kutu. Pampu ishukiwe mwisho. Wako wanaonunua pampu mpya kumbe iliyoungua ni fyuzi. Na usivute kijiti zaidi ya sekunde 10 mfululizo: pampu hii hupozwa na maji inayoyasukuma, ikizunguka kavu inaungua.

2. Tafuta maji yameishia wapi

Fungua kifuniko cha injini, chomoa mpira mwembamba pale unapoingia kwenye pua za kurushia maji, kisha vuta kijiti tena. Maji yakiruka kwa nguvu, tangi na pampu ni vizima; pua ndizo zilizoziba. Yakidondoka au yasipotoka kabisa, kosa liko nyuma, kwenye mpira au ndani ya tangi. Jaribio hili la dakika mbili litakuepusha kufungua vitu visivyo na kosa.

3. Zibua pua bila kutumia nguvu

Chukua sindano nyembamba, au uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Uzungushe taratibu kwenye tundu huku ukivuta uchafu nje. Ukiusukuma ndani, umehamisha tatizo tu. Njia bora ni kuichomoa pua yenyewe na kupuliza kupitia tundu la nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Kama kwado (fundi wa matairi) wa karibu ana kompresa, mwombe akupulizie, ila hakikisha mpira umechomolewa, maana upepo ule ukifika kwenye pampu utaiharibu. Pua zinazotoa maji kama ukungu hazitaki sindano: ziloweke kwenye siki ya vuguvugu, kisha zipulize.

Ukimaliza, lenga. Pua nyingi zina kijipira ndani ambacho sindano inakizungusha. Kwenye lami ya mwendo kasi tunalenga juu kidogo, kwani upepo huyashusha maji. Kwenye milima ya Masisi hukimbii, kwa hiyo lenga katikati ya kioo.

4. Kagua mpira wote, si ncha tu

Mpira huchoka kwa joto la injini, hupinda kwenye bawaba ya kifuniko, na gari likilala siku nyingi panya huutafuna. Pitisha vidole kuanzia kwenye tangi hadi kwenye pua. Penye unyevu ndipo panapovuja. Kata kipande kibovu, unga kwa kiungo kidogo cha plastiki. Ukiwa njiani, ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliokazwa vizuri utakufikisha.

5. Osha tangi

Tangi lisilosafishwa huota mwani wa kijani, na chini hukaa tope laini lililochanganyika na ute wa sabuni. Pampu nyingi zina chujio dogo mguuni, na hapo ndipo uchafu unapokaba. Weka beseni chini, chomoa pampu taratibu kwa kuipindisha kidogo kidogo, osha chujio kwa mswaki wa zamani, kisha suuza tangi kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke maangavu. Siki kidogo husaidia. Lakini siki na dawa ya klorini zisikutane kamwe, hutoa gesi ya sumu.

6. Chunga unachomimina

Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi. Yakikauka kwenye tundu la pua huacha ukoko mweupe. Ya mvua ni afadhali, ila Sake na sehemu ya Masisi ziko upande ambako upepo mara nyingi hupeleka moshi wa Nyiragongo, hivyo maji ya bati yanaweza kubeba majivu. Yaache yatulie usiku kucha kwenye bidoni, kisha yachuje kwa kitenge kilichokunjwa mara mbili. Ongeza matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni ya unga ikae kwa nguo, kwa kuwa chembe zake huziba. Mazutu na petroli huharibu mpira, na maji ya radieta huacha utando kwenye kioo. Dawa za kuzuia maji yasigande, zinazouzwa kwa ajili ya Ulaya, huna haja nazo: hata baridi ya Mushaki haijafika huko.

7. Maji kwanza, waipa baadaye

Mchanga mweusi wa lava na majivu ya volkano hukwaruza kioo. Waipa ikipita juu yake pakavu inaacha mikwaruzo ambayo usiku, taa za gari linalokuja mbele zikiiangaza, inakupofusha. Kama waipa zako hazianzi zenyewe ukivuta kijiti, mwaga maji, subiri sekunde mbili tatu, ndipo uziwashe. Asubuhi inua mikono yake na ufute mipira kwa kitambaa chenye maji. Upande wa Walikale adui ni mwingine: wadudu wa jioni wanaogandia kwenye kioo, na majani ya msituni yanayojaa chini yake, karibu kabisa na pua. Yaokote kwa mkono kabla hayajaoza.

8. Beba chupa ya akiba

Toboa kizibo cha chupa ya plastiki matundu matatu kwa msumari, jaza maji safi, iweke mlangoni. Pampu ikifa katikati ya msitu, mwenzako anatoa mkono dirishani, anaminya chupa, kioo kinaoga, na safari inaendelea. Chupa ikiisha, mito haikosekani: Osso iko Masisi, Lowa inapita Walikale. Maji ya mto ni ya kumwagia kioo moja kwa moja. Kwenye tangi yasiingie bila kuchujwa.

Basi, ndugu dereva, kabla ya kung'oa nanga jaribu maji ya waipa kama unavyojaribu breki. Barabara hizi unagawana na msukuma chukudu, motari mwenye abiria wawili, mama aliyebeba mzigo na watoto wanaotoka shule. Hao hawawezi kujua kwamba nyuma ya tope lile huwaoni. Kioo kikiziba na maji hayatoki, punguza mwendo, tafuta mahali salama, safisha. Usiendeshe kwa kukisia.