KUCHAGUA VIFAA VYA KOMPYUTA YA KWANZA YA MICHEZO NA MATANGAZO

Kompyuta ya mezani ni mkusanyiko wa vifaa saba au vinane, ambavyo kila kimoja huuzwa peke yake na huweza kuunganishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi na subira. Kwa sababu hiyo vijana wengi wanaopenda michezo ya video, na wanaotaka kuwarushia watazamaji michezo hiyo moja kwa moja kwa njia ya intaneti, huamua kuiunda mashine yao wenyewe. Uamuzi huo ni mzuri, lakini una hatari yake. Fedha inayotumika mara nyingi ni akiba ya miezi mingi, na si rahisi kulirudishia duka kifaa kisichofaa. Aidha, kifaa kimoja duni huweza kuviunguza vingine vyote.

Makala haya yanaonyesha kwamba Fizikia na Hisabati za shule ya sekondari zinatosha kumwongoza mnunuzi. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: prosesa ya AMD Ryzen 5 7600 na kadi ya michoro ya NVIDIA GeForce RTX 4060, zote mbili za mwaka 2023. Vifaa vipya hutolewa kila mwaka. Msomaji na ashike njia ya kukokotoa, kisha aweke tarakimu za vifaa atakavyovikuta dukani.

1. Kazi Inayotakiwa Kufanywa

Mwanzo wa hesabu ni skrini. Picha ya skrini hufanywa na vitone vidogo viitwavyo pikseli. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani:

1,920 × 1,080 = pikseli 2,073,600

Ili jicho lione mwendo laini, mchezo huhitaji picha, au fremu, zipatazo 60 kwa sekunde. Hivyo kompyuta hulazimika kupaka rangi pikseli 2,073,600 × 60 = 124,416,000 kila sekunde. Muda wa kuandaa fremu moja ni milisekunde 1,000 ÷ 60, yaani karibu milisekunde 16.7. Huo ndio muda ambao kazi yote ya fremu moja hupimwa kwao.

2. Prosesa na Kadi ya Michoro

Kazi ya fremu hugawanywa kwa vifaa viwili. Prosesa hukokotoa mambo ya mchezo wenyewe: nani yuko wapi, risasi imeelekea wapi, mchezaji amebonyeza nini. Kadi ya michoro huchukua matokeo hayo na kuyachora. Wakati kadi inachora fremu ya kwanza, prosesa huwa imekwisha kuanza fremu ya pili. Kwa hiyo mwendo wa kompyuta huamuliwa na yule aliye mzito zaidi kati ya wawili hao.

Tuseme prosesa inatumia milisekunde 8 kwa kila fremu, na kadi inatumia 20. Tutapata fremu 1,000 ÷ 20 = 50 kwa sekunde. Mnunuzi akiongeza fedha na kuchukua prosesa inayotumia milisekunde 4 tu, atabaki na fremu 50 zile zile. Lakini akiziweka fedha hizo kwenye kadi inayotumia milisekunde 12, atapata fremu 83. Hapa ndipo wengi wanapopoteza akiba yao: hununua prosesa yenye sifa kubwa, kisha huiunga na kadi dhaifu. Kwa kompyuta ya michezo, kadi ya michoro ndiyo inayostahili fungu kubwa la fedha, na prosesa ya viini sita, kama hii ya mfano wetu, hutosha kwa mtu anayeanza.

Anayenunua kadi iliyokwisha kutumika na awe mwangalifu. Baada ya sarafu ya Ethereum kuacha kuchimbwa kwa kadi za michoro mwezi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Vilevile zimekuwapo kadi za zamani zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kama kadi mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imeweza, tangu mwaka 2018, kugundua kadi nyingi za namna hiyo. Omba kadi iwashwe na kupimwa mbele yako kabla ya kutoa fedha.

3. Hesabu ya Kurusha Matangazo

Kila pikseli huelezwa kwa biti 24 za rangi. Kama tungetaka kuzituma fremu zetu jinsi zilivyo, tungehitaji:

124,416,000 × 24 = biti 2,985,984,000 kwa sekunde

Hizo ni karibu gigabiti 3 kwa sekunde. Tangazo la kawaida la ubora huu hutumwa kwa megabiti 6 tu kwa sekunde. Ni lazima, basi, picha zikandamizwe karibu mara 500. Kanuni ya ukandamizaji inayotumika sana, H.264, ilipitishwa mwaka 2003. Hutegemea jambo jepesi: fremu moja hufanana sana na iliyoitangulia, hivyo hutumwa hasa mabadiliko.

Ukandamizaji ni kazi nzito. Ukifanywa na prosesa, huinyang'anya muda wake wa kuendesha mchezo. Tangu mwaka 2012 kadi za NVIDIA zimekuwa na sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo, na watengenezaji wengine nao wana zao. Mtu anayekusudia kurusha matangazo na ahakikishe kwamba kadi anayoinunua ina sehemu hiyo. Programu ya kurushia, OBS Studio, hailipiwi.

Intaneti pia ina hesabu yake. Megabiti 6 kwa sekunde kwa muda wa saa moja ni 6 × 3,600 = megabiti 21,600, na kwa kuwa biti 8 hufanya baiti moja, tunapata megabaiti 2,700, yaani gigabaiti 2.7 kila saa. Anayetumia bando la simu atalimaliza upesi. Akishusha picha hadi pikseli 1,280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, kazi itapungua mara 4.5, na megabiti 3 kwa sekunde zitamtosha. Kumbuka kwamba kinachohitajika hapa ni kasi ya kupandisha. Ile inayotangazwa na makampuni mara nyingi ni ya kushusha.

4. Kumbukumbu, Diski na Ubao Mama

Kumbukumbu ni meza ya kazi ya prosesa. Gigabaiti 16 ndizo kiasi cha chini cha kucheza na kurusha kwa pamoja. 32 ni bora. Nunua vipande viwili vilivyo sawa badala ya kimoja kikubwa, kwa maana kila kipande huwa na njia yake. Kumbukumbu ya DDR5 yenye mapigo milioni 5,200 kwa sekunde hupitisha baiti 8 kwa kila pigo, yaani gigabaiti 41.6 kwa sekunde. Vipande viwili hupitisha 83.2.

Diski ya zamani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara moja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa chake husubiri nusu ya mzunguko, bila kuhesabu muda wa kusogea. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, wala haina kusubiri huko. Kwa mfumo na michezo, chagua SSD. Diski ya kuzunguka ibaki kuwa ghala la video zilizorekodiwa.

Ubao mama huviunganisha vifaa vyote. Hapa hakuna sababu ya kutumia fedha nyingi, ila kuna sharti moja: vilingane. Prosesa ya mfano wetu huingia kwenye soketi iitwayo AM5 na hutumia DDR5 peke yake. Kipande cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwa kuwa pengo lake liko mahali pengine. Andika majina ya soketi na ya kumbukumbu kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani.

5. Ugavi wa Umeme

Kifaa ambacho wengi hukidharau ni pawa saplai, kisanduku kinachobadili umeme wa mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12 na pungufu. Tukadirie mahitaji ya juu kabisa:

Prosesa: wati 88
Kadi ya michoro: wati 115
Ubao, kumbukumbu, diski na feni: tuseme wati 60
Jumla: wati 263

Prosesa na kadi pekee, ambazo hulishwa kwa volti 12, zinahitaji 203 ÷ 12, yaani karibu ampia 17. Sasa chukua pawa saplai ya bei ndogo yenye maandishi makubwa ya "wati 500" na usome kibandiko kilicho ubavuni. Ukikuta njia ya volti 12 imeandikiwa ampia 15, basi inatoa wati 12 × 15 = 180 tu. Jina lake ni wati 500, lakini haiwezi kuibeba kompyuta yetu. Ikizidiwa huweza kuzimika. Ikiwa haina kinga huweza kuungua na kuviunguza vifaa vilivyonunuliwa kwa taabu. Mnunuzi na asome ampia, asisome jina.

Kwa mfano wetu, pawa saplai ya kweli ya wati 550 inafaa. Itafanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake, mahali ambapo ufanisi huwa mzuri, na itakuwa na akiba kwa nyakati ambazo kadi hudai umeme mwingi kwa ghafla. Yenye alama ya 80 PLUS ya daraja la shaba hufikia ufanisi usiopungua asilimia 85 katika nusu ya mzigo. Hivyo ukutani tutavuta 263 ÷ 0.85 = wati 309. Tukiongeza wati 25 za skrini tunapata 334. Kwa saa tatu kila siku, siku 30, ni 0.334 × 90, yaani uniti 30 za umeme kwa mwezi kwa kiwango cha juu. Zidisha kwa bei ya uniti ya kwenu.

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, UPS ya VA 650 yenye kipengele cha nguvu cha 0.6 hutoa wati 390, nayo inatosha kumpa mtu dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu.

Tahadhari mbili. Pawa saplai nyingine za zamani zina swichi ya 115 na 230. Hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Na usiifungue kamwe pawa saplai: kapasita zake huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

6. Joto na Vumbi

Karibu umeme wote unaoingia hatimaye hugeuka joto. Tuseme kipozajoto cha prosesa hupandisha halijoto nyuzi 0.5 za Selsiasi kwa kila wati. Kwa wati 88 ni nyuzi 44. Ikiwa hewa ndani ya kasha ina nyuzi 40, kama inavyoweza kuwa Tanga au Mombasa mchana, prosesa itafika nyuzi 84; kikomo chake ni 95. Vumbi likiziba mapezi na kuipandisha 0.5 kuwa 0.7, tutapata karibu nyuzi 102. Prosesa haitaungua, bali itajipunguzia kasi yenyewe, na mwenyewe atadhani amenunua kifaa kibovu. Kasha lenye feni ya kuingiza hewa mbele na ya kuitoa nyuma, pamoja na brashi ya kupangusa vumbi, ni gharama ndogo yenye faida kubwa.

Kwa kifupi, anza na skrini, kisha kadi ya michoro, kisha prosesa inayolingana nayo. Usipunguze fedha ya pawa saplai. Na pima intaneti kabla ya kuahidi matangazo. Mwenye kukokotoa kabla ya kununua hulipa mara moja.

MASWALI

1. Skrini ina pikseli 2,560 kwa 1,440. Kwa fremu 60, ni pikseli ngapi kwa sekunde? Kazi imezidi mara ngapi ile ya sehemu ya 1?

2. Kibandiko cha pawa saplai kinaonyesha ampia 18 kwenye volti 12. Je, inafaa kwa kompyuta ya makala haya? Eleza.

3. Mwanafunzi anarusha matangazo ya megabiti 3 kwa sekunde, saa mbili kwa siku, siku tano kwa juma. Atatumia gigabaiti ngapi kwa juma?

Majibu: (1) 221,184,000, karibu mara 1.78. (2) Inatoa wati 216 dhidi ya 203 zinazohitajika. Akiba ni ndogo mno, haifai. (3) Gigabaiti 13.5.