Kusahihisha Ramani ya Meli kwa Mkono

Likizo iliyopita nilipata bahati ya kupanda meli ya mizigo iliyofunga gati bandarini Dar es Salaam. Mjomba wangu ni ofisa wa pili katika meli hiyo, na kazi yake mojawapo ni kutunza ramani. Nataka kuwaeleza wenzangu niliyojifunza, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Zamani ramani za bahari zilikuwa za karatasi, nazo zilisahihishwa kwa kalamu. Siku hizi meli nyingi za safari za kimataifa hutumia ramani ya elektroniki. Sheria ya kuzilazimisha ilianza kutumika hatua kwa hatua, tangu mwaka 2012 hadi 2018. Mashine hupokea mahali pa meli kwa setilaiti na kupaonyesha kwenye kioo. Masahihisho rasmi huletwa kila wiki. Lakini habari za ghafla, kama vile boya lililong'oka au chombo kilichozama, hutangazwa kwa redio, na ofisa huweza kuziingiza kwa mkono. Alama hizo huwa na rangi ya machungwa, zisije zikachanganywa na zile rasmi.

Mjomba alinipa zoezi. Chombo kimezama kwenye latitudo ya digrii 6, dakika 45 na sekunde 30 kusini. Mashine ilitaka dakika na desimali, si sekunde. Nikaandika 45.30. Kisha nikachora njia ya meli ikipita mita 370 kusini ya alama yangu, nikajisifu moyoni.

Mjomba akaniuliza, "Sekunde 30 ni sehemu gani ya dakika?"

Nikajibu, "Nusu, mjomba."

"Na nusu huandikwaje kwa desimali, mwanangu?"

Nikanyamaza kwa aibu. Ilinipasa kuandika 45.50. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Nilikosea kwa 0.2 ya dakika, ambayo ni mita 370 hivi. Basi njia niliyoiita salama ilipita juu ya chombo kilichozama! Mashine haikulalamika, kwa kuwa iliamini nilivyoiambia.

Mjomba akafuta zoezi lile, akanisimulia habari za meli ya abiria Royal Majesty, iliyokuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston mwaka 1995. Waya wa antena ulichomoka, mashine ikaanza kukisia mahali pa meli, na maofisa hawakutambua. Tarehe 10 Juni ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa imepotea njia kwa maili 17 za bahari. Kwa bahati njema hakuna aliyekufa.

Mjomba alinifundisha mambo matatu:

1. Kabla ya kuandika, tazama kama tangazo linatumia sekunde au desimali.
2. Ukiisha kuandika, mwombe mwenzako asome tangazo kwa sauti, nawe ukague kioo.
3. Pima mahali pa meli kwa njia nyingine: rada, kina cha maji, au dira ukiielekeza kwenye minara ya taa.

Wenzangu, tusiseme kwamba desimali ni za mtihani tu. Katika meli ile mna watu ishirini na wawili, na mmoja wao ni mjomba wangu.