SOMO: Matangazo ya Pari Katika Mpira wa Televisheni, na Watoto Wetu

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza juu ya mbu wa malaria, juu ya minyoo ya safura, na juu ya chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa. Labda utashangaa kuona somo juu ya mpira katika kitabu cha hospitali. Sikia habari hii kwanza, ndipo utajua sababu.

Mama mmoja alikuja kwetu akibeba mtoto wa miaka mitatu. Homa ilikuwa imemshika siku ya nne. Nyama ya ndani ya kope zake ilikuwa nyeupe kwa kupungukiwa damu, na njiani degedege ilimpata mara mbili. Tulimwuliza, "Mama, mbona umechelewa hivi?" Akajibu kwamba feza ya dawa ilikuwa katika kikopo chini ya kitanda, lakini alipokifungua alikikuta kitupu. Mwana wake wa kwanza, mvulana wa miaka 13, alikuwa ameichukua akampa kijana mkubwa aipeleke kwenye kibanda cha pari.

Mtoto mdogo aliongezewa damu, akapona. Tunamshukuru Mungu. Lakini jibu la yule mvulana hatujalisahau. Hakusema, "Nimecheza kamari." Alisema, "Nilikuwa ninasaidia timu yangu." Alikuwa ameona jina la kampuni ya pari kifuani mwa wachezaji anaowapenda, akadhani ni sehemu ya jina la timu, na kwamba mwenye kuipenda timu hupeleka feza yake pale.

Nani alimfundisha? Baba yake hachezi pari. Masomoni hawafundishi neno hilo, wala kanisani. Alifundishwa katika nyumba ya video, chini ya antena na karibu na jenereta, mahali ambapo sisi wazazi tunawaacha watoto tukifikiri kwamba wanatazama mpira tu.

Mpira wenyewe si adui

Usituelewe vibaya. Mtoto anayekimbia nyuma ya mpira hupata mapafu yenye nguvu na usingizi mwema. Sisi watu wa Maniema tulifurahi mwaka 2024, wakati AS Maniema Union ya Kindu ilipoingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Anayewaambia vijana kwamba mpira ni dhambi hatasikilizwa, na sisi tunaona si haki asikilizwe.

Lakini kumbuka tarehe 7 Februari 2024. Siku hiyo, huko Abidjan, Léopards wetu walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa walisimama, mkono mmoja umefunika kinywa, na vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bunduki, ili dunia iwakumbuke wanaouawa huku mashariki ya Kongo. Tulifungwa 1-0. Kesho yake watoto wadogo walikuwa wakifanya alama ile ile njiani, hata wale wasiojua maana yake. Hakuna mtu aliyeketi kuwafundisha. Waliiona kwa muda mfupi, basi.

Sasa fikiri. Kama alama ya dakika moja iliwaingia hivyo, jina linaloonekana kandokando ya kiwanja kwa dakika 90 litawaingia namna gani? Katika mashindano yale yale kampuni ya pari iitwayo 1xBet ilikuwa kati ya wadhamini, kama ilivyokuwa pia katika Kombe la mwaka 2019 na lile lililochezwa mwaka 2022. Na ligi ya Uingereza, ambayo watoto wetu wanaijua kuliko kata za wilaya yao, imejaa majina hayo. Katika msimu wa 2024-2025, vilabu 11 kati ya 20 vilibeba jina la kampuni ya pari kifuani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walihesabu matangazo ya pari katika mwisho wa juma wa kwanza wa ligi hiyo, mwezi wa Agosti 2023. Walipojumlisha yale ya michezo ya televisheni, ya habari za michezo, ya redio na ya mitandao, walipata karibu 11,000. Mtoto asiyejua bado kuandika jina la babu yake anaweza kusoma jina la kampuni hizo kwa rangi yake tu.

Picha na neno

Wazee wetu Warega walijua nguvu ya picha. Katika bwami mwalimu alionyesha sanamu ndogo ya pembe au ya mti, akasema methali yake, na vile viwili vikakaa pamoja katika moyo wa mwanafunzi hata uzee. Sisi Wakristo hatufuati ibada za bwami. Lakini angalia hekima moja waliyokuwa nayo: vitu vile havikuonyeshwa kwa kila mtu. Kila daraja lilikuwa na vyake, na mtoto hakuingizwa.

Tangazo la pari linatumia njia ile ile. Linaonyesha picha, mchezaji mashuhuri au kijana anayecheka na feza mkononi, na linasema neno fupi linalorudiwa. Ila halina mlango. Mzee wa miaka 60 na mtoto wa miaka 6 wanaketi kwenye benchi moja na kupokea somo moja.

Mtoto wa chini ya miaka 8 hivi hajui bado kwamba tangazo linataka kumwuzia kitu. Kwake kila kinachosemwa na televisheni ni habari. Yule wa miaka 12 au 14 ameanza kujua, lakini bado hawezi kujizuia vizuri. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomwambia mtu, "Ngoja kwanza, fikiri." Sehemu hii hukua polepole kuliko nyingine, hata karibu miaka 25. Sehemu inayotamani na kufurahia zawadi huamka mapema zaidi. Kwa hiyo kijana ni kama baiskeli inayoteremka mlima kabla fundi hajafunga breki.

Wala usifikiri tangazo linamwambia mtoto acheze leo. Mara nyingi sivyo. Linamzoesha. Kama vile mbu anavyouma usiku na homa kuja baada ya siku nyingi, ndivyo jina linavyoingia katika umri wa miaka 7, na kuponi ya kwanza ikanunuliwa akiwa na miaka 15.

Hesabu ambayo tangazo halionyeshi

Chukua kalamu. Tuseme unatabiri michezo 6, na kwa kila mmoja unaweza kupata au kukosa sawasawa. Ili upate yote 6, uzidishe 2 mara sita: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Ndiyo kusema, kati ya watu 64, tutazamie mmoja kushinda. Kila mmoja akitoa franka 1,000, kampuni imepokea 64,000. Ikimpa mshindi 47,000 atacheza ngoma kijijini, na kampuni itabaki na 17,000 bila kugusa mpira. Kesho tangazo litamwonyesha yule mmoja. Wale 63 hawaonyeshwi kamwe.

Mfundishe mwanao hesabu hii kwa punje za mchele. Mtoto wa mwaka wa tano wa masomo anaielewa vizuri, na tumeona wengine wakiwafundisha baba zao.

Kuna udanganyifu mwingine. Kijana akipata michezo 5 na kukosa mmoja, husema, "Nilikaribia." Hakukaribia. Feza imekwenda sawa na ya yule aliyekosa yote. Lakini ubongo wake hufurahi kana kwamba ameshinda nusu, na ndiyo maana hurudi.

Ni ugonjwa kweli

Wengine husema ni ukaidi tu, apigwe. Sivyo. Shirika la Afya la Dunia limeandika ugonjwa wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Mgonjwa hawezi kuacha ingawa anaona nyumba yake inabomoka. Hucheza tena ili arudishe alichopoteza. Hudanganya. Halali usiku. Huuza vitu vya nyumbani, au hutumia minervali ya wadogo zake. Wengine hukata tamaa hata kutamani kufa. Huyo aletwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake.

Katika Injili tunaona askari waliopigia kura vazi chini ya msalaba. Mwenye kuteswa alikuwa karibu nao, nao waliangalia kura. Tulikumbuka jambo hili siku ya kile kikopo kitupu.

Wakubwa wa nchi wanafanya nini?

Nchi kadhaa zimeona hatari hii. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018. Hispania, kwa amri ya mwaka 2020, iliyaruhusu katika televisheni kati ya saa saba na saa kumi na moja za usiku tu, wakati watoto wamelala. Ubelgiji ilianza kuyakataza tarehe 1 Julai 2023. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2016, ilikataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Kenya iliyasimamisha matangazo yote kwa siku 30 kuanzia tarehe 29 Aprili 2025. Vilabu vya ligi ya Uingereza vilikubaliana, mwezi wa Aprili 2023, kuondoa majina hayo kifuani mwishoni mwa msimu wa 2025-2026. Lakini mkono wa shati haukuhesabiwa, wala mbao za kando ya kiwanja.

Ni vema. Hata hivyo, sheria ya Roma haifiki Kama, lakini picha inafika. Tazama mashati: huko Uingereza shati la mtoto haliruhusiwi kuwa na jina la pari. Sokoni kwetu utakuta shati la kuigiza, dogo la mtoto wa miaka 5, na jina limeandikwa pana kifuani.

Fanya hivi nyumbani

Usimfukuze mtoto kwenye mpira. Atakwenda kwa siri. Nenda naye, uketi karibu naye. Jina likionekana, mwulize kwa sauti ya kawaida, "Hawa wanauza nini? Feza waliyomlipa mchezaji ilitoka wapi?" Mwache ajibu mwenyewe. Ukifanya hivi mara tatu au nne, ataanza kukuonyesha yeye kabla hujauliza.

Usimtume mtoto kupeleka kuponi wala kuangalia matokeo yake, hata kama ni "feza kidogo tu" ya mjomba. Ficha namba ya siri ya simu yenye feza. Shati lenye jina hilo, shona kitambaa juu yake. Zungumza pia na mwenye nyumba ya video. Yeye naye ni mzazi, na katika mapumziko anaweza kuzima sauti.

Na ukigundua mwanao amekwisha kuanza, usimwaibishe mbele ya watu. Mwulize ni kiasi gani, na ni nani anayempelekea. Tafuta yule mkubwa. Mara nyingi kuna mkubwa, na mara nyingi tunamfahamu, tena tumemwona kanisani siku ya Yenga. Kisha mlete mtoto azungumze na munganga au mwuguzi, kama vile ungemleta kwa homa.

Maswali ya kujibu

1. Kwa nini mvulana wa miaka 13 alifikiri kwamba anasaidia timu?
2. Kati ya watu 64, tunatazamia wangapi kushinda michezo 6? Ni wangapi utawaona katika tangazo?
3. Taja dalili tatu za ugonjwa wa kamari.
4. Mara ya mwisho watoto wako walipotazama mpira, ni nani aliyeketi nao?