Uniti 75 na baridi ya Julai

Uingereza, mwenye nyumba anachagua kampuni ya kumuuzia umeme kama sisi tunavyochagua laini ya simu. Anaweza kufunga bei kwa mwaka mzima, au akaiacha ipande na kushuka, huku mdhibiti wao, Ofgem, akiwa ameweka kikomo tangu Januari 2019. Kenya mteja wa kawaida hana kampuni za kuchagua, lakini bei yake haitulii: juu ya bei ya msingi kuna tozo ya mafuta ya kuzalishia umeme na ya mabadiliko ya fedha za kigeni, na zote hupangwa upya mwezi hadi mwezi. Mtu wa Njombe au Makambako hana kimoja wala kingine. Umeme wa gridi ni wa TANESCO, unanunuliwa kwa LUKU, na bei yake ni ile iliyowekwa kwa amri ya mdhibiti wetu, EWURA, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016.

Wengi huishia hapo, wakisema basi hakuna cha kulinganisha. Kipo, na kinaweza kufanya umeme wa nyumba yako ugharimu karibu mara tatu bila wewe kuongeza hata balbu. Ni kundi la bei ambamo mita yako imewekwa.

Kwa nyumba za kawaida makundi ni mawili. D1, ambalo mtaani bado linaitwa tarifu 4, ni la matumizi madogo ya nyumbani: uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. T1 ni la matumizi ya kawaida, ya nyumba, duka, saluni na karakana ndogo: shilingi 292 kwa uniti, iwe ya kwanza au ya mia tatu. Juu yake weka VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Mfukoni, basi, uniti ya D1 inatoka kwa shilingi 122, ikizidi 75 inatoka kwa shilingi 427, na uniti ya T1 inatoka kwa shilingi 356 na senti.

Huhitaji kumuuliza mtu uko kundi gani. Fungua ujumbe wa LUKU wa manunuzi yako ya mwisho, acha zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, tazama mistari inayofuata. Shilingi 10,000 isiyokatwa kitu kingine inaleta uniti 81 na kitu ukihesabu kwa bei ya chini ya D1 (ingawa zile zinazopita 75 utauziwa kwa bei ya juu, kwa hiyo utaona pungufu ya hapo), na uniti 28 tu kwa T1. Ukinunua shilingi 1,000 ukapata uniti 8.2, uko D1. Ukipata 2.8, uko T1. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi, toa kwanza kodi ya jengo (nitaieleza mbele) ndipo ugawe. Ujumbe huo ni risiti, na risiti ni ushahidi. Usiufute.

Sasa tuje kwenye baridi. Juni hadi Agosti Njombe mjini, na zaidi ukipanda Uwemba, maji ya bomba asubuhi yanauma mkono. Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye ubaridi ule mpaka ifae kuoga inakula takriban robo tatu ya uniti. Watu watatu, ndoo moja kila mmoja kila siku, na mwezi umeshakula karibu uniti 70 kwa kuoga tu. Bado taa, televisheni, pasi na simu. Nyumba ambayo Februari ilitumia uniti 55 inajikuta Julai iko 110 bila anasa yoyote.

Tuhesabu. Nyumba hiyo ikiwa D1, uniti 75 za kwanza ni shilingi 9,150 na 35 zilizozidi ni shilingi 14,945, jumla 24,095. Inauma. Lakini uniti 110 hizohizo kwa T1 ni zaidi ya shilingi 39,000. Wengi hudhani ukipita 75 umeshapoteza faida ya D1. Si kweli: ukipiga hesabu, D1 inabaki nafuu kuliko T1 mpaka ufike kama uniti 320 kwa mwezi. Hasara yenyewe inakuja pale mita inapohamishwa kundi. Septemba jua limerudi, nyumba inatumia uniti 60, na badala ya shilingi 7,320 inalipa shilingi 21,374. Mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo neno moja la amri ya 2016 lina thamani kubwa kuliko mengine yote: wastani. D1 imeelezwa kuwa ya wateja wa nyumbani ambao matumizi yao kwa wastani ni uniti 75 kwa mwezi. Julai peke yake si wastani. Mita yako ikihamishwa, una haki ya kuuliza ni miezi ipi iliyojumlishwa na kugawanywa, na kuonyeshwa hesabu hiyo. Na kama kwa wastani kweli umerudi chini ya 75, una hoja ya kuomba urudishwe. Mwenye saluni sebuleni au mashine ya kusaga uani asitegemee hoja hii. D1 ni ya nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa umeme wanalijua na wateja hawalijui. Mfumo wa LUKU hauoni umechoma uniti ngapi, unaona umenunua ngapi. Mkulima wa viazi aliyeuza mavuno akaamua mwezi mmoja kununua umeme wa miezi mitatu ili pesa isimponyoke, akiwa D1, atauziwa uniti 75 kwa bei ya chini na zilizobaki zote kwa 350. Nidhamu nzuri ya pesa, lakini kwa D1 inamgharimu. Nunua ya mwezi ndani ya mwezi wake.

Ukienda ofisi ya TANESCO, Njombe au Makambako, beba namba ya mita na risiti za miezi sita. Dirishani sema hivi: "Shikamoo mama, naomba nijue mita hii iko tarifu gani, ilihamishwa lini, na kwa matumizi ya miezi ipi." Swali la namna hiyo linajibika, "umeme wenu unaisha haraka" halijibiki. Jibu la mdomo lisipokutosha, andika barua kwa meneja, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo yenye muhuri na tarehe ndiyo itakayokubeba mbele. Na njiani utakutana na vishoka, wenye kujua mtu ndani atakayekushushia tarifu kwa elfu thelathini. Malipo yoyote halali kwa TANESCO yana namba ya malipo na risiti. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, au anayejitolea kufungua mita, anakuingiza kwenye kosa la jinai, na mita iko kwako, si kwake.

Meneja akikaa kimya au akikukatalia, unapeleka lalamiko EWURA. Kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini ofisi yake iko Mbeya. Ni lazima uwe umeanza kwa mtoa huduma, ndiyo sababu ya ule muhuri. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mteja. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa Baraza la Ushindani. Najua nyumba chache zitafika huko kwa shilingi elfu kumi na nne za mwezi, lakini mtaa mzima ukihamishwa kundi kwa mkupuo, wakazi wanaweza kulalamika pamoja.

Kuhusu kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikaanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Ukiruka mwezi bila kununua, inakusubiri. Kodi hii ni ya mwenye jengo, hata kama anayeingiza tarakimu kwenye mita ni mpangaji. Mpangaji atunze risiti na ajumlishe: mwaka ni shilingi 18,000, apatane na mwenye nyumba zikatwe kwenye pango, na mapatano hayo yaandikwe kwenye mkataba badala ya kusemwa mlangoni. Nyumba moja yenye mita tatu haitakiwi kulipa kodi mara tatu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba yake anayoishi, ila msamaha haujileti, unaombwa. Anzia halmashauri.

Ada ya kuunganishiwa nayo ina utata wake hapa kwetu. Tangu Januari 2022 kijijini ni shilingi 27,000, mjini njia moja ndani ya mita 30 bila nguzo ni 320,960. Sasa Uwemba, Yakobi na Luponde ziko ndani ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, na anayepita huko anaona mashamba ya viazi na chai. Kabla ya kulipa, uliza eneo lako limeorodheshwa kama mji au kijiji, na uliza kwa maandishi. Tofauti yake ni karibu laki tatu.

Je, bei yenyewe inaweza kubadilika ghafla? Kisheria EWURA inatakiwa kufanya uchunguzi na kukusanya maoni ya watu kabla ya kupanga bei mpya, na mwananchi wa Makambako ana haki ya kutoa yake. Mwishoni mwa 2016 TANESCO iliomba kupandisha kwa asilimia 18.19, EWURA ikakubali kama 8.5 ianze tarehe 1 Januari 2017. Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Sospeter Muhongo, akaisimamisha, na siku hiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa Felchesmi Mramba kwenye ukurugenzi wa TANESCO. Watu walishangilia, nami nawaelewa. Ila bei iliyozuiwa kwa simu ya mkubwa inaweza kuachiwa kwa simu nyingine. Ningependa ikazuiwe kwenye kikao cha maoni, kwa hoja za wateja zilizoandikwa.

Mkoa wetu wa Njombe una kitu ambacho mikoa mingi haina: vijiji vyenye umeme wa maporomoko yao wenyewe. Matembwe na Ikondo, na kule Ludewa Mawengi na majirani zake chini ya LUMAMA, wamewahi kuwa na mitambo yao na utaratibu wao wa bei. Anayeuziwa umeme na mradi mdogo kama huo asidhani yuko nje ya sheria. Bei yake iko wazi kuhojiwa, kwanza kwenye mkutano wa watumiaji, kisha EWURA.

Na kama bei ya umeme imekuchosha, kabla ya kukimbilia gesi, nayo ipime. Kilo moja ya gesi inapika takriban sawa na uniti 10 kwenye jiko la koili, yaani kama shilingi 3,560 kwa aliye T1. Gawa bei ya mtungi kwa kilo zake, linganisha. Aliye D1 na amebakiwa na uniti chini ya 75, koili inampa nafuu kubwa. Akishavuka, uniti 10 ni shilingi 4,270 na mahesabu yanageuka. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yana bei kikomo ya EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji, na unaiona kwa *152*00#. Gesi ya mitungi haimo kwenye tangazo hilo, hivyo duka la stendi na la mtaani kwako yanaweza kutofautiana kihalali. Ila kuna jambo ambalo hakuna duka linaloruhusiwa kukunyima: mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Mtungi wa kilo 15 ukiwekwa juu ya mizani lazima usome uzito ule na 15 juu yake, mbele ya macho yako, kabla hujatoa pesa.